Salensa Nyepesi, Kelele Nzito: Sheria Inadai Nini kwenye Pikipiki ya Theluji?

Swali: Naishi Duluth, Minnesota. Msimu huu nimenunua pikipiki ya theluji iliyotumika, ya mwaka 2009, injini ya mipigo miwili, cc 600, inayopozwa kwa maji. Aliyeniuzia alishang'oa salensa ya kiwandani akafunga nyingine nyepesi, na inanguruma hadi jirani ameanza kulalamika. Rafiki yangu anasema ukiwa na taa na helmeti hakuna wa kukuuliza. Je, kuhusu usalama na kelele, sheria inadai vifaa gani hasa? Na ni lazima nirudishe salensa ya zamani? Wakati mwingine tunavuka kwenda Wisconsin, na kijana wangu wa miaka 13 hupanda nyuma yangu.

Jibu: Ndugu yangu, irudishe. Na huyo rafiki yako usimsikilize kwa hili, maana katika vitu vyote vinavyoweza kukusimamisha njiani, kelele ndiyo inayojitangaza yenyewe kabla askari hajakuona.

Watu wengi hudhani sheria ya kelele ni suala la desibeli tu, kwamba bila kifaa cha kupimia hakuna kesi. Minnesota haiko hivyo. Sheria yake inataka kila pikipiki ya theluji iwe na salensa nzima, inayofanya kazi wakati wote, yenye kuufanya mlio wa ekzosi uchanganyike na sauti nyingine za mashine badala ya kujitokeza peke yake. Inakataza pia ekzosi inayotoa mlio mkali wa kupasukapasuka. Kwa hiyo askari wa Idara ya Maliasili akisimama kandokando ya njia na kukusikia unapita, masikio yake yanamtosha kukusimamisha. Walioruhusiwa kupiga kelele ni wale walio kwenye mashindano yaliyoandaliwa rasmi, na ukiigeuzageuza hiyo salensa yako nyepesi, usishangae kukuta kibandiko kinachosema ni ya uwanja wa mashindano pekee. Wauzaji huweka maandishi hayo kwa herufi ambazo mnunuzi hazioni hadi siku ya faini.

Ichungulie kwa tochi kupitia tundu la kutokea moshi. Salensa ya kiwandani haikuonyeshi mwisho wake: ndani kuna vyumba vilivyotenganishwa kwa vipande vya bati, na moshi hulazimika kupinda na kurudi nyuma kabla ya kutoka. Nyingi kati ya zile nyepesi ni bomba moja lililonyooka, lenye matundu madogo, lililozungushiwa sufi ya nyuzi za kioo. Sufi hiyo ikiwa mpya hupunguza mlio kiasi. Lakini injini ya mipigo miwili huchoma mafuta ya oili pamoja na petroli, na oili isiyoungua huishia humo. Nyuzi hulowa, huungua, hupeperuka kidogokidogo, na mashine iliyokuwa na kelele ya kuvumilika msimu wa kwanza huwa haivumiliki msimu wa tatu bila mwenyewe kugusa kitu. Huenda aliyekuuzia hakuwahi kujua jinsi ilivyokuwa imebadilika, maana masikio huzoea.

Usichanganye salensa na lile bomba nene lililovimba katikati linaloitangulia. Hilo lina kazi nyingine: hurudisha wimbi la shinikizo kwenye silinda ili mchanganyiko wa petroli na hewa usitoroke kabla ya kuungua. Nguvu ya injini hutegemea sana hilo bomba, si salensa iliyo mbele yake. Faida halisi ya salensa nyepesi ni kupunguza kilo chache za uzito. Nguvu inayosifiwa dukani huwa ndogo, na kwa mtu anayesafiri njiani na mtoto nyuma haionekani kabisa.

Sasa tuje kwenye namba, kwa sababu ukivuka mpaka zitakuhusu. Viwanda vinavyouza Marekani na Kanada vina kamati ya kuthibitisha usalama wa mashine hizi, SSCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Mashine iliyothibitishwa, ikiwa imetengenezwa baada ya tarehe 1 Februari 1975, haipaswi kuzidi desibeli 78 ikipimwa umbali wa futi 50, yaani kama meta 15, aksileta ikiwa imebanwa hadi mwisho. Zilizotengenezwa baada ya tarehe 30 Juni 1976 zina sharti la pili: zikitembea mwendo wa maili 15 kwa saa, zisizidi desibeli 73 kwa umbali uleule. Tafuta kibandiko cha kamati hiyo ubavuni mwa mashine, chini ya kiti, kwa kawaida upande wa kulia. Kikiwepo, maana yake mashine ilitoka kiwandani ikiwa imetimiza masharti hayo. Lakini kibandiko kinaizungumzia mashine jinsi ilivyotoka kiwandani. Mtu akishabadilisha salensa, kibandiko hakimtetei tena.

Tatizo la kipimo cha meta 15 ni kwamba kinahitaji uwanja mpana na mashine iende kasi kamili. Askari hawezi kukifanya njiani. Ndipo kikaja kipimo cha mashine iliyosimama, ambacho Wisconsin inakitumia: kipaza sauti huwekwa meta 4 ubavuni, injini ikazungushwa mizunguko 4,000 kwa dakika, na kikomo ni desibeli 88. Watu huona 88 ni kubwa kuliko 78 wakadhani Wisconsin imelegeza. Hapana. Sauti inayosambaa mahali pa wazi hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka meta 4 hadi 16 umbali umeongezeka maradufu mara mbili, kwa hiyo 88 ya karibu hufika kule ikiwa kama 76. Ila hapo injini haijakamuliwa, inazunguka tu mizunguko 4,000, kwa hiyo namba hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Salensa yako ya bomba lililonyooka na sufi iliyoungua ina kazi ngumu sana kupita hapo.

Unaweza kujipimia kwa programu ya simu, ila usiichukulie namba yenyewe kama ushahidi, maana kipaza sauti cha simu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na theluji laini hunyonya sauti kiasi cha kukudanganya. Itumie kulinganisha: pima leo, badilisha salensa, pima tena palepale, simu ikiwa mahali palepale. Ukiona tofauti ya desibeli 10, sikio la kawaida huisikia kama kelele iliyopungua nusu. Jirani yako hatahitaji simu kuitambua.

Kabla sijaacha kelele, kuna jambo moja linaloelezea kwa nini mimi ni mkali kwenye hili kuliko kwenye taa. Minnesota ina zaidi ya maili 20,000 za njia za pikipiki za theluji, na sehemu kubwa hutunzwa na klabu za watu wa kujitolea, nyingi zikipita kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba hakulazimishwa. Alitoa ruhusa, na akiamka saa saba za usiku mara kwa mara kwa sababu ya mashine zenye ekzosi za mashindano, anaweza kuiondoa. Klabu ikikosa kipande kimoja cha shamba, njia yote hukatika au huzungushwa mbali. Kule Quebec mambo yalifika mahakamani: mwaka 2004 wakazi wa kando ya njia ya P'tit Train du Nord walishinda kesi iliyohusu kelele za pikipiki za theluji. Wote walipoteza njia, wenye salensa nzima na wasio nazo. Ndiyo maana wanaopigia kelele zaidi salensa hizi huwa ni wanaklabu wenyewe, si watu wasiopenda mchezo huu.

Wala mashine tulivu si ndoto. Kwenye hifadhi ya Yellowstone, pikipiki ya theluji hairuhusiwi kuingia bila kutimiza masharti ya teknolojia bora iliyopo, na sharti la sasa la kelele ni desibeli 67 kwa mwendo wa safari. Kipimo hicho si sawa na kile cha kasi kamili, kwa hiyo usizilinganishe 67 na 78 moja kwa moja. Lakini kinaonyesha fundi wa kiwanda anaweza kufika wapi akilazimishwa. Kwa upande mwingine, viwanda vyenyewe husema mashine za miaka ya 1960 zilikuwa zikizidi desibeli 100 kwa futi 50.

Ukisharudisha salensa na bado mashine ina mlio wa ajabu, fungua boneti. Sanduku la hewa linaloingia kwenye injini ni kizuia kelele pia, na sponji yake ikichanika au mtu akiitoa "ili injini ipumue", utasikia mvumo mzito kila ukibana aksileta. Paneli za ubavuni nazo zina sponji kwa ndani. Kinga ya mkanda wa klachi isikosekane kamwe, na hapa kelele ni jambo dogo: mkanda ukikatika ukiwa kwenye kasi, kinga hiyo ndiyo iliyoko kati ya vipande vyake na mguu wako. Magurudumu madogo yanayobeba mkanda mpana wa mpira chini yakiwa na beringi zilizokwisha hupiga ukelele mwembamba unaoongezeka na kasi. Hiyo ni kazi ya spea za bei nafuu.

Sasa usalama. Minnesota inadai vitu vichache, na vyote ni vya kukaguliwa kwa mkono wako mwenyewe kabla hujatoka nyumbani.

Kwanza ni aksileta. Sheria inataka ukiachia, injini iache kuusukuma mkanda wa chini. Kwenye mashine yako hilo hufanyika kwa sababu mizunguko hushuka na klachi hufunguka yenyewe, mradi aksileta irudi. Ijaribu injini ikiwa imezimwa: bana kwa dole gumba, achia, usikilize. Inatakiwa irudi kwa mlio wa haraka, usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Waya uliopitishwa vibaya baada ya matengenezo hubanwa usukani ukikatwa, na mtu hujua siku anapoingia kona. Baridi nayo ina hila zake: maji kidogo ndani ya ala ya waya huganda usiku. Ikirudi kwa kusitasita, usiende popote. Na jaribu swichi ya kuzimia injini pamoja na ile kamba ya usalama unayojifunga nayo, kama mashine yako inayo. Wapo wanaoifunga kamba kwenye usukani ili isiwasumbue. Basi kama hujaifunga mwilini mwako, ukianguka mashine itaendelea bila wewe.

Breki ziwe na uwezo wa kuisimamisha mashine na kuishikilia katika hali yoyote ya matumizi. Diski ni moja tu, na pedi ni ndogo kuliko unavyodhani. Kosa la kawaida ni kuanza safari breki ya kuegesha ikiwa imeachwa imefungwa: diski hupata moto, mafuta ya breki huchemka, na unapoihitaji breki unakuta mpini unafika hadi kwenye usukani. Ukinunua mashine iliyotumika badilisha mafuta hayo mara moja bila kuuliza yana umri gani.

Taa ya mbele ni lazima kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla ya kuchomoza, na wakati wowote kuona kunapokuwa kugumu, ukiwemo mchana wa theluji inayopeperuka. Kiwango cha chini ni kumulika mtu au chombo kilicho futi 100 mbele, meta 30 hivi. Taa nyekundu ya nyuma ionekane kutoka futi 500. Hapo kwenye futi 100 nakuomba usimame kidogo. Kikomo cha mwendo kwenye ardhi na maji ya umma Minnesota ni maili 50 kwa saa, kilometa 80. Kwa mwendo huo meta 30 huisha kabla hujahesabu mbili. Kwa hesabu yangu, ukijumlisha muda wa kushtuka na wa kufunga breki kwenye theluji iliyoshindiliwa, unahitaji zaidi ya meta 100 kusimama. Kwa hiyo taa iliyotimiza sheria sawasawa na mwendo uliotimiza sheria sawasawa vinaweza kukuua vikikutana. Usiku mwendo wako uamuliwe na mwanga. Wisconsin wana kikomo cha usiku cha maili 55, nacho ni kikomo tu, hakuna aliyesema ukifikie.

Taa hiyohiyo ina sababu nyingine ambayo wageni hawaijui. Ukitembea kwenye mtaro wa kando ya barabara usiku, Minnesota inakutaka uende upande mmoja na magari, mtaro wa kulia. Ukienda kinyume, dereva anaona taa upande wa kulia wake na anaweza kudhani ni gari linalokuja, akakwepa kwenda asikotakiwa.

Rifrekta ndizo zinazosahaulika zaidi. Zinatakiwa kila ubavu, mbele ya usukani, zenye eneo lisilopungua inchi 16 za mraba, takriban sentimita 103 za mraba. Mashine ya 2009 huenda imeshabadilishwa paneli za ubavuni au kubandikwa picha, na rifrekta zikaenda na paneli za zamani. Chukua rula upime. Mashine ikizimika ghafla ikiwa imekingama njiani, taa zake za mbele na nyuma zinatazama porini. Anayekuja ataona ubavu, na kama ubavu hauakisi mwanga, hataona kitu.

Hayo ndiyo ya lazima kwenye mashine. Madigadi ya nyuma, yaani lile pande la mpira linaloning'inia, naliweka kwenye kundi la lazima pia hata kama hakuna atakayekuuliza. Huzuia barafu na mawe yanayorushwa na mkanda yasimfikie anayekufuata. Na kwa injini inayopozwa kwa maji kama yako, huirudisha theluji juu kwenye vipoozi vilivyo chini ya kiti. Wanaoikata kwa sababu ya urembo hushangaa kwa nini taa ya joto inawaka.

Helmeti: Minnesota inamlazimisha aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana wako havuki geti bila hiyo. Wewe sheria ya hapo haikulazimishi. Ukienda Michigan, New York, au Ontario na Quebec kwa wenzetu wa Kanada, inakulazimisha. Mimi sioni kwa nini baba aendeshe kichwa wazi mbele ya mtoto aliyevaa, lakini nimeulizwa sheria. Nunua ya kufunika uso mzima, yenye alama ya kuthibitishwa, na imkae yeye, si ya kwako iliyolegea. Kagua pia kiti. Kama mashine ilitengenezwa kwa mtu mmoja, haina mahali pa kijana kushika wala kukanyaga, na uzito wake nyuma hupunguza mshiko wa skii mbele, ukakata kona na mashine ikaendelea kunyooka.

Masikio yenu nayo. Wataalamu wa afya kazini wa NIOSH nchini Marekani hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Ninyi mko karibu na injini kuliko kipaza sauti cha meta 4, halafu kuna upepo unaopiga helmeti. Viziba masikio vya sponji ni vya bei ndogo, na bado utasikia injini.

Kama umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976, unahitaji cheti cha mafunzo ya usalama kuendesha Minnesota. Aliyefika miaka 16 anaweza kusoma kozi hiyo mtandaoni. Wisconsin wao huhesabu kwa waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1985. Kingine cha kuangalia kabla ya kuteremsha mashine kwenye tela ni njumu za chuma kwenye mkanda wa chini. Hapo Duluth ndipo inapoishia njia ya Willard Munger inayotoka Hinckley, nayo imewekwa lami. Njumu haziruhusiwi kwenye njia za umma zenye lami Minnesota. Ukiwa nazo, tumia njia ya North Shore inayoelekea Grand Marais. Na usizungushe kamwe mkanda wenye njumu ukiwa hewani huku mtu kasimama nyuma, hata kwa dakika moja ya kupasha injini.

Sasa utaratibu wa kurudisha salensa. Mpigie aliyekuuzia kwanza. Watu wengi huihifadhi ya kiwandani kwenye kona ya gereji. Akikosa, tafuta iliyotumika ya modeli na mwaka huohuo kwa wauza spea za mashine zilizovunjwa. Ikifika, itikise: kama kuna kitu kinagongagonga ndani, vipande vya bati vimeachia, usiinunue. Wakati wa kufunga weka gasketi mpya ya mviringo pale inapokutana na bomba nene, na hakikisha springi zote zinazolishikilia zipo. Kisha muulize muuzaji swali moja: alibadilisha chochote upande wa mafuta? Wengi wanaofunga salensa nyepesi huongeza kisanduku kidogo cha kielektroniki cha kurekebisha petroli, au hubadilisha jeti, yaani vijitundu vya kupitishia petroli, kama injini ni ya kabureta. Marekebisho hayo hayafai salensa ya kiwandani. Petroli ikizidi, plagi huloa na mashine husuasua. Ikipungua, pistoni huungua, na ukarabati wake unaweza kukugharimu karibu na ulichonunulia mashine. Kama hajui, mpe fundi arudishe kila kitu kwenye vipimo vya kiwanda, asome rangi ya plagi baada ya maili chache, ndipo uanze safari ndefu.